Aliyeitikia Jina la Marehemu

Ladidi alisimamisha kanda, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Katibu wa Bunge alikuwa anaita mahudhurio ya Jumatatu, jina baada ya jina, kwa ile sauti yake ya mtu anayesoma bei sokoni. Akafika jina la kumi na saba, Mheshimiwa Iro Tsamiya. Hapo kwa desturi hupita ukimya wa pumzi moja, mtu mmoja hukohoa, kisha Katibu anaendelea. Safari hii, katikati ya ule ukimya, mtu alisema, "Nipo."

Iro Tsamiya alikuwa na mwezi wa nane kaburini. Gari lake lilipinduka likaingia kwenye mfereji wa mashamba, akatolewa amejaa tope mpaka puani, na Mudi, kaka yake Ladidi, alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Ladidi alivua visikizio akavifuta kwa ncha ya hijabu yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiandika kila neno lililosemwa katika Bunge lile la jimbo, na sauti za wabunge wote ishirini na wanne alizijua kama mama anavyojua vikohozi vya wanawe. Ile ilikuwa sauti ya Iro. Hilo halikuwa na ubishi.

Sasa, mtu atauliza, maiti anaitwaje kwenye mahudhurio? Hapo ndipo penye aibu, na Ladidi mwenyewe hakuificha baadaye. Mbunge akifa, Spika anatakiwa kutangaza kwamba kiti kiko wazi, ili watu wa kule wachague mwingine. Spika hakutangaza. Iro alikuwa mtu wa kusema hapana, na watu wa kwao wangemchagua hapana mwenzake. Basi jina likaachwa kwenye orodha, likaitwa kila asubuhi, na Katibu akamwambia Ladidi asiache nafasi tupu kwenye kitabu. Aandike "yupo". Hakutishwa kwa bunduki. Alihamishwa tu kutoka ukumbini kwenye joto, akapewa chumba chenye feni. Kwa ajili ya feni akamwandika maiti yupo, siku tisini na moja.

Na hiyo "yupo" ilikuwa na kazi. Kanuni zao zinataka wabunge wanane, ukimwondoa Spika, ndipo kikao kihesabiwe kikao. Muswada wa Fadama ulikuwa umewakimbiza wengi. Huyu yuko Umra, yule presha imepanda, wengine wamefiwa na wajomba ambao hawajawahi kuzaliwa. Hakuna aliyetaka kuonekana akiuunga mkono, na hakuna aliyethubutu kuupinga. Waliobaki walikuwa saba, watu wa Gavana kwa mwili na roho. Saba na maiti mmoja, wanane.

Ulisema nini muswada huo? Kwamba bonde lote la fadama, lile linaloshika maji wakati nchi nzima imekauka, apewe mwekezaji kwa miaka tisini na tisa. Mwekezaji huyo hakuna aliyewahi kumwona hata kivuli. Mama yake Ladidi alizaliwa bondeni humo, akazalia humo, na Mudi alikuwa amepanda vitunguu na pilipili hatua mia moja kutoka mlangoni pake. Kaya mia sita zingeondolewa kabla ya mavuno. Bunge hilohilo lilikuwa limelibandika soko kuu jina la baba yake Spika kwa dakika tisa, na muswada wa visima ulikuwa mwaka wa nne ukilala kwenye kamati. Lakini huu wa fadama ulikuwa na miguu. Ulikuwa unakimbia.

Tumaini lilikuwa moja. Alhamisi saa sita mchana msimu wa Bunge ulikuwa unafungwa, na muswada usiopitishwa unakufa na msimu wake. Mheshimiwa Habu Daneji, mpinzani pekee aliyekuwa bado na uti wa mgongo, alikuwa ameahidi wakulima kwamba hatakanyaga ukumbini, akae mgahawani anywe fura yake ya mtama na maziwa, ili akidi isitimie. Hakujua kwamba kwenye kitabu ilikuwa inatimia kila siku.

Ladidi alimpelekea Katibu ile kanda. Katibu huyo, Alhaji Dauda, alisikiliza mara moja, akavua kofia, akamwomba afunge mlango.

"Na wewe umesikia harufu?" akamuuliza kwa kunong'ona.

"Harufu gani, Alhaji?"

"Ya tope. Tope bichi, Desemba hii, na vumbi hili. Pale kwenye kiti chake." Akatazama mlango. "Nimemwambia Spika."

"Amesemaje?"

Spika, Katibu alieleza, alicheka mpaka akashika tumbo. Alisema kama ni jini, basi ni jini mwenye nidhamu kuliko wabunge wake, kwa maana anahudhuria, hachelewi, na hadai gari. Akaonya kwamba atakayeleta mganga humo ndani atatafuta kazi nyingine.

Jumatano muswada ulisomwa mara ya pili. Ladidi alikuwa ametoka mwenyewe kwenye chumba cha feni, akarudi kwenye meza yake ya zamani ya kurekodi, chini ya kiti cha Spika, visikizio masikioni. Nje jua lilikuwa la saa tano, jeupe kwa vumbi, na madirisha yote yalikuwa wazi. Hakuna mtu anayetarajia kuogopa saa kama hiyo. Jina la kumi na saba likaitwa, na taa nyekundu ya kipaza sauti cha kiti kitupu ikawaka yenyewe. "Nipo." Wabunge saba waliinamisha vichwa, wakasoma karatasi zao kwa bidii ambayo Ladidi hakuwahi kuiona tangu aajiriwe.

Halafu ikaja kura. Wanaoafiki waseme ndiyo. Zikasikika ndiyo saba, nyembamba, zenye haya, na baada ya ya saba, wakati Spika ameshainua nyundo, ikaja ya nane, karibu mno na kipaza sauti, ikiwa na maji ndani yake kama ya mtu anayesema huku anasukutua, na Ladidi akaacha kuandika, kwa kuwa aliyeitoa alikuwa na sauti ya Iro, ya Iro ambaye miaka yote minane ya ubunge wake hakuwahi kuwaambia wakubwa ndiyo hata kwa chai, na sasa alikuwa anaisema polepole, kwa utamu, kama anayeonja, na chini ya kile kiti zulia lilikuwa linageuka jeusi kwa maji yaliyotambaa kuelekea meza yake, na hakuna mbunge hata mmoja aliyeinua uso.

Spika akagonga nyundo. Walioafiki wameshinda.

Siku hiyo baada ya Alasiri, Ladidi alikwenda kwa Malam Kalla, jirani yao, msomeaji wa wagonjwa. Alimkuta akifundisha watoto, akasubiri mpaka walipokwenda, kisha akamweleza yote isipokuwa moja. Malam alisikiliza huku anapitisha tasbihi. Akasema huyo si Iro, Iro yuko mbele ya Mola wake na ana yake ya kujibu. Huyo ni karini, jini anayeandamana na mtu tangu kuzaliwa. Miaka hamsini alitembea naye, akajifunza sauti yake, na alipofukiwa mwenziwe akabaki hana pa kukaa.

"Wengi hutokomea," Malam alisema. "Huyu hakutokomea kwa sababu kila asubuhi mnamwita kwa jina. Halafu kuna mtu anamwandika yupo. Nani huyo?"

Ladidi aliangalia mkeka.

"Mwanangu, nimeuliza."

"Ni mimi," akasema. Machozi yakamtoka, na sehemu kubwa yalikuwa ya hasira, juu ya Spika, juu ya Katibu, juu ya feni, juu ya mkono wake mwenyewe.

Malam hakumkemea. Alisema hata yeye aliwahi kumshuhudilia uongo mwenye nyumba wake ili asifukuzwe, na bado anaomba toba. Kisomo atasoma yeye, lakini kisomo kitamtikisa tu. Kumtoa ni mpaka mtu yuleyule aliyeandika uongo auvunje kwa kinywa chake, mahali palepale, jina linapoitwa.

Alhamisi Malam Kalla aliketi kwenye viti vya wananchi, kanzu nyeupe, midomo ikicheza. Mudi na wakulima wenzake walikuwa nje ya geti, wamezuiwa na askari. Ladidi aliingia akijua kwamba mfanyakazi hatakiwi kufungua kinywa ndani ya ukumbi ule, na kwamba jioni atakuwa hana kazi. Aliogopa hilo karibu sawa na jini. Mungu amsamehe, dakika ile alilifikiria mpaka lile feni.

"Mheshimiwa Iro Tsamiya," Katibu akaita.

Taa nyekundu ikawaka. Ladidi akasimama kabla ya sauti.

"Mheshimiwa Iro alifariki," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia. "Alifariki tarehe tisa ya mfungo wa Ramadhani, akazikwa, kaka yangu alimbeba. Mimi Ladidi nimemwandika yupo siku tisini na tatu. Ni uongo. Hayupo."

Spika alikuwa anafoka lakini Ladidi hakumsikia, kwa kuwa visikizio vilikuwa vimejaa, kwanza maji, maji ya mfereji yanayoingia kwenye gari lililofungwa vioo, kisha pumzi ya mtu anayehema karibu na sikio lake la kushoto, kisha jina lake likitajwa kwa sauti ya Iro, ya Katibu, ya mama yake, ikimwomba kwa upole aandike, aandike tu, herufi nne, nani atajua, na harufu ya tope na vitunguu vilivyooza ikamwingia kinywani mpaka akahisi changarawe kwenye meno, na kutoka viti vya wananchi kisomo cha Malam kikapanda, na kiti kitupu kikaburuta miguu yake nyuma, taratibu, kama mtu anayeinuka kwa kuchukia, na alama za nyayo zenye maji zikaonekana kwenye zulia moja baada ya nyingine, zikielekea mlangoni.

Taa ikazimika. Vumbi la nje likanukia tena, vumbi tu.

Katibu alihesabu kwa kidole. Saba. Saa ya ukutani ilikuwa sita kasoro dakika kumi na mbili. Spika alikaa, nyundo mkononi kama mtu aliyepewa kitu asichojua matumizi yake. Muswada ulikuwa unakufa pale mbele ya macho yao, na mfagizi mmoja aliyekuwa mlangoni akashindwa kujizuia, akakimbilia mgahawani kumwambia Mheshimiwa Habu kwamba jini limetoka, limetoka, Spika ameumbuka.

Ingekuwa mtu mwingine angemaliza fura yake. Lakini Habu alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa gani husikia adui yake ameumbuka asiende kutazama? Alikuja mbio, joho lake likipepea, akicheka kabla hajafika. Malam Kalla aliinuka, akamwonyesha kiganja asimame. Ladidi alimpungia mikono miwili. Habu alidhani anashangiliwa. Akavuka kizingiti.

Hapohapo kicheko kikakatika. Alisimama kidogo, kama mtu aliyepishana na mwingine mlangoni.

"Wanane," alisema askari wa Bunge, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu, akahesabu. "Akidi imetimia, Mheshimiwa Spika."

Spika hakupoteza hata pumzi. Muswada wa Fadama, kusomwa mara ya tatu. Wanaoafiki? Saba wakasema ndiyo. Wasioafiki? Ladidi alimgeukia Habu. Walau hapana moja, moja tu, ibaki kwenye maandishi ili wajukuu wa bondeni wajue kulikuwa na mtu.

Habu Daneji alifungua kinywa. "Ndiyo," akasema.

Nyundo ikagonga.

Spika aliamuru mwanamke yule akabidhi funguo kabla ya Adhuhuri. Ladidi alizikabidhi, akashuka ngazi nyuma ya Habu, aliyekuwa anatembea bila haraka kuelekea getini. Upindo wa joho lake ulikuwa umelowa. Wakulima walimzunguka, na Mudi akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mheshimiwa, umetupigania?"

"Ndiyo."

"Bonde letu limebaki?"

"Ndiyo."

Watu wakamshukuru Mungu. Mmoja alikuwa amekuja na kapu la vitunguu vya kwanza, vidogo, bado vina udongo, akalitua miguuni pa Mheshimiwa. Mzee mwingine aliketi chini akafuta macho kwa kilemba. Ladidi alipita katikati yao mpaka akawa uso kwa uso na Habu. Alitafuta machoni mwake yule mtu mcheshi, mbishi, aliyekuwa akimtania kila asubuhi kwamba ataandikwa vibaya.

"Ulisema hapana mle ndani?"

"Ndiyo."

"Ladidi, mwache Mheshimiwa, amechoka," Mudi alisema.

Hakumwacha. Alisogea mpaka akasikia ile harufu ya tope, akamuuliza kwa sauti ya chini, ili kaka yake asisikie.

"Wewe ni Habu Daneji?"

Kwa swali hilo ile ndiyo haikuja. Akainama taratibu, akalichukua kapu la vitunguu.