Mishi Ashika Zamu Yake

Kila asubuhi Biasha hukaa barazani kwake, Kinondo, akisuka mkeka. Bintiye Mishi, mwenye miaka sita, hupanga majani ya ukindu: jekundu, jeupe, jekundu, jeupe. Hasemi. Akiitwa, hageuki.

Mgeni akija, Biasha humshika Mishi kidevu. "Mtazame shangazi! Mwamkie!" Mishi hupiga mayowe.

"Ana pepo huyu," alisema bibi yake, Mwanafatuma. "Mwezi ukiandama, ngoma itapigwa hapa hapa. Mganga nimeshamwita."

Biasha aliingiwa na hofu. Jirani akitwanga tu, Mishi hujificha mvunguni. Sembuse ngoma?

Akamwendea Dama, muuguzi wa zahanati, akamweleza yote.

"Ndugu yangu Charo alikuwa hivi hivi," alisema Dama. "Si pepo, wala si malezi mabaya. Kazaliwa hivyo." Siku hizi hali hiyo huitwa usonji. "Mishi akitaka maji, hukuombaje?"

"Haombi. Nampa kabla hajalia."

"Basi ataomba lini, shoga, nawe huna subira ya kuombwa?"

Biasha alicheka, machozi yakimlenga.

Dama alikuja, akaketi mkekani kimya. Hakumshika Mishi kidevu. Alipanga majani kama yeye. Kisha akainua jani moja. "Jekundu," akasema. Akangoja.

"Neno moja, kisha nyamaza," alimwambia Biasha. "Akinyoosha mkono, amekwisha sema. Mpe papo hapo. Kisha shikeni zamu: wewe jani, yeye jani."

Wiki nzima, wapi! Wiki ya pili Mishi alinyoosha kiganja. Ya tatu akanong'ona, "Jekundu." Biasha aliganda, kama aliyeona jua likichomoza chumbani.

Mwezi ulipokaribia kuandama, Mwanafatuma alikuja kupanga mambo ya ngoma. Akaketi mkekani. Mishi alimsogelea. Hakumtazama usoni. Akamwekea jani kiganjani.

"Bibi," akasema. Akangoja.

Mwanafatuma alimgeukia Biasha. "Nifanyeje?"

"Ni zamu yako, mama. Liweke."

Bibi aliliweka jani. Mishi akaweka lake.

"Subhanallah! Ananijua! Miaka yote hii nilidhani hanijui."

Aliinuka taratibu, asiyavuruge majani.

"Waenda wapi, mama? Chai i tayari."

"Kwa mganga, nikamwambie asije. Nilindieni zamu yangu."