Niliposwa na Idara Nzima

Nina miaka ishirini na nne, mzaliwa wa Ziwani, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Idara ya Kilimo ya chuo kikuu kimoja hapa Mtwara. Naandika haya nikiwa na hasira. Sitaificha, maana nimechoka kuambiwa kwamba msichana aliyesoma hatakiwi kuwa na mdomo.

Mtadhani nimeachwa na mwanaume tu, nikaja kulia kwenu. Laiti ingekuwa hivyo! Kuachwa kunazoeleka. Mimi nilifanywa njia ya kupatia kikombe... Kikombe chenyewe cha bati lililopakwa rangi ya dhahabu!

Niwaeleze kwanza upuuzi huu. Kila mwaka chuo chetu hushindanisha idara zake kitaaluma. Kilimo, Biashara, Ualimu na wengine, kila idara huunda timu na kuleta kazi moja ya ubunifu mbele ya majaji. Mngewaona wasomi wetu msimu huo! Watu wazima wanaotarajiwa kesho kuongoza nchi hununiana kantini, hawasalimiani, wanafichana kazi mezani kama watoto wanaofanya mtihani wa darasa la nne. Walimu ndio wabaya zaidi. Mwalimu anayeshindwa kusahihisha kazi zetu muhula mzima, ikifika siku ya mashindano yuko ukumbini tangu asubuhi, tai shingoni, jasho linamtoka, anapiga makofi.

Mimi kikombe hakikunishughulisha. Nilichokitaka ni zawadi ya aliyeongoza timu iliyoshinda: nafasi moja tu ya mafunzo katika maabara ya utafiti wa korosho. Tangu nasoma sekondari nilikuwa nikipita Naliendele, kwenye kituo cha utafiti, nikiwaona watu wa makoti meupe wakiingia na kutoka, najiambia siku moja na mimi nitakuwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yangu, sina nyingine.

Timu ya Kilimo niliiongoza mimi, na kazi ya kunipeleka huko nilikuwa nayo. Kwetu mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yanaoza chini ya mikorosho kila msimu. Watu wanachukua korosho, bibo wanalitupa, au wanalifanya uraka, ile pombe ambayo baba yangu hataki hata kuinusa. Nani anakunywa juisi ya mabibo kwa raha, na ule ukakasi wake unaokunja ulimi? Mimi nilihangaika nayo misimu miwili. Nikagundua kwamba ukichanganya juisi na uji mwepesi wa unga wa muhogo, ukakasi unashuka chini pamoja na uji, juu inabaki juisi safi, tamu, inang'aa. Unaichuja, unaichemsha, unaitia kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Muhogo wa kwetu, mabibo ya kwetu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Sasa ndipo akaingia Shaibu.

Shaibu ni kijana wa Mikindani, msomi wa Idara ya Biashara na nahodha wa timu yao. Mrefu, msafi, sauti ya kubembeleza. Tulikuwa tumefahamiana mwaka mzima, lakini mara tu habari za kazi yangu ya mabibo zilipoanza kunong'onwa chuoni, mapenzi yake yalipanda ghafla kama homa! Je, nilijiuliza kwa nini? Sikujiuliza. Msichana anayependwa haulizi.

Likizo ndefu ilipofika akatuma mshenga nyumbani, Mzee Bakari, mtu wa heshima zake. Posa ilikuja na doti za kanga kwa mama na kikoi kizuri cha mjomba. Maana kwetu, ndugu msomaji, mwenye neno la mwisho juu ya binti ni mjomba wake. Mjomba Chande akakikubali kikoi, akasema sharti ni lile lile la siku zote: mkwe aje alime ukweni, tumwone mkono wake. Akamkatia kipande cha shamba cha kupalilia chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Shaibu akaja! Mtoto wa mjini, viatu vyeupe, akashika jembe! Mama alitokwa na machozi. Majirani wakapita makusudi kumtazama, wakamsifu. Mjomba akatembea kifua mbele kijiji kizima, eti mkwe wake msomi lakini hana majivuno. Akawa anamkaribisha kila mahali, mpaka kwenye kibanda changu cha uani nilikokuwa nakamulia mabibo ya mwanzo wa msimu.

Alikuwa akipalilia kidogo, kisha anakuja kunisaidia. Kunisaidia kwenyewe ni kupiga picha. Mimi mikono imo kwenye beseni, yeye simu iko juu ya kichwa changu. Anasema nikitabasamu ninapendeza... Nikawa natabasamu, mjinga mimi! Ilipofika alasiri alikuwa anaondoka na bodaboda kurudi Mikindani, akidai mbu wa kwetu hawana adabu. Kuchemsha na kutia kwenye chupa nilikuwa nafanya jioni, jiko la mama likiwa huru, hivyo hatua hizo hakuwahi kuziona. Alipopalilia kama nusu ya kipande chake, akaaga kwamba chuo kinakaribia kufunguliwa. Kipande kikabaki na majani.

Siku ya mashindano, Biashara waliitwa kabla yetu. Shaibu akasimama mbele, suti ya buluu, akawasha picha ukutani. Na picha ya kwanza ilikuwa beseni letu la nyumbani!

Juisi ya mabibo. Uji wa muhogo. Kila neno langu lilikuwa linatoka kinywani mwake. Kwenye picha sura yangu ilikuwa imekatwa, imebaki mikono. Mikono yangu mimi, na kovu langu la kuunguzwa na mafuta ya ganda la korosho juu ya kidole gumba! Kisha akamimina juisi aliyoikamua asubuhi ile ile, majaji wakanywa, wakatikisa vichwa kwa furaha.

Zamu yetu ilipofika nikaanza kueleza. Sikufika mbali. Jaji mmoja akanikatisha, akauliza kama nadhani wao ni watoto, nirudie kazi ambayo wameisikia sasa hivi. Nikasema kazi ni yangu. Nikawaonyesha kovu. Wakacheka! Jaji akasema hapa Mtwara mwenye mkono usio na kovu la korosho ndiye wa kutiliwa shaka.

Halafu Shaibu akaomba kusema jambo. Akasimama taratibu, ameweka mkono kifuani, akasema, "Waheshimiwa majaji, Zainabu ni mchumba wangu. Nilimshirikisha kazi yangu kwa mapenzi. Naomba asiadhibiwe. Mimi nimeshamsamehe."

Amenisamehe! Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kuna mwalimu alifuta machozi. Mtu anakuibia mchana kweupe, kisha anakusamehe mbele ya watu, na watu wanamsifu kwa upole wake... Mmewahi kuona uhuni wa kisomi kama huo?

Yaliyofuata sina hamu nayo. Timu yangu ilinitoa. Mwalimu wetu wa Kilimo aliniita ofisini, akaniambia nimeiuza idara kwa ajili ya mahaba. Hakuniuliza hata swali moja kuhusu kazi yangu. Wenzangu wa darasa waliacha kuniitikia salamu. Nikipita kantini nasikia mtu ananiuliza kwa nyuma kama kule Biashara wananipa chai. Nafasi ya maabara akapewa Shaibu, mtu ambaye hawezi kutofautisha mkorosho na mwembe mpaka aone tunda.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia mama posa ivunjwe. Mama akaniomba nivumilie. Mjomba naye akanituliza. "Mpwa wangu, mambo ya chuo yaishie chuoni. Yule kijana jembe kashika, nimemwona kwa macho yangu. Mwizi halimi." Mtu mwenyewe alikuwa amevaa kile kikoi.

Chuo kikaandaa siku ya wazazi, idara iliyoshinda ionyeshe kazi yake kwa wageni. Siku tatu kabla yake Shaibu akanifuata bwenini, sauti imelainika. Alitaka kujua kama kuna hatua iliyobaki baada ya kuchuja, maana juisi yake ilikuwa inabadilika harufu. Nikamwambia hatua hiyo ipo, na nitaisema mbele ya majaji, yeye akiwa amekaa na mimi nimesimama. Akacheka kidharau, akasema wivu utaniua. Akamtuma Mzee Bakari kwa mjomba, aombe nionyeshe hatua hiyo. Mjomba akajibu kwa nia njema kabisa: mkwe aje amalizie kile kipande, akikaa mpaka jioni atayaona yote kwa macho yake. Unadhani alikwenda? Nahodha na jembe tena! Posa ilikuwa imeshamfikisha alikotaka.

Siku ikafika. Biashara walipanga chupa zao juu ya kitambaa cheupe, nje, jua la Mtwara linawaka. Kila chupa na nembo ya idara. Mjomba Chande alialikwa na Shaibu mwenyewe kama baba mkwe, apate kupigwa picha, akakalishwa mstari wa mbele na kanzu yake iliyopigwa pasi. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na vyoo.

Mgeni rasmi alikuwa anainama kusoma nembo wakati kizibo cha kwanza kilipomruka usoni.

Pa! Kikafuata cha pili. Kikafuata cha tatu! Povu likaruka, likamwagika kwenye shati la mgeni, kwenye kitambaa, kwenye suti ya buluu. Na harufu ikatanda... Wenyeji wote pale walijua ni harufu ya nini. Baba yangu angekuwepo angekimbia. Ulikuwa uraka, ndugu zangu! Idara ya Biashara ilikuwa imempangia mgeni rasmi uraka kwenye kitambaa cheupe, na nembo juu yake. Juisi ya mabibo isiyochemshwa ukiiacha kwenye joto inakuwa pombe, hata watoto wa Ziwani wanalijua hilo.

Watu wakaangua kicheko. Timu yao wakaanza kushambuliana pale pale, na hapo ndipo nilipoumia kuliko siku ya kwanza. Msichana mmoja wa timu, Jeni, nguo yake imelowa, akampigia Shaibu kelele mbele ya wote, "Umetuaibisha! Tumekuchangia timu nzima, mpaka kanga za mama yake Zainabu na kikoi cha mjomba wake tumenunua sisi, ukashindwa kuleta maelezo kamili!"

Nilimtazama Shaibu. Hakukana... Alikuwa anafuta povu kwenye tai.

Mapenzi yale yote, posa ile, machozi ya mama, vilikuwa matumizi ya timu! Walikaa kikao, wakanijadili, wakachanga. Mwalimu wao naye alikuwa anaangalia chini, na kwa jinsi alivyoangalia chini nilijua kwamba alikuwa na habari.

Mjomba Chande akasimama. Nilidhani atapigana. Akajikung'uta kanzu, akawatazama wale vijana mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nnauliza tu. Mimi nilimpokea mtu mmoja. Kumbe mpwa wangu kaposwa na idara nzima. Sasa nani kati yenu anakuja kumalizia palizi?"

Wasomi wote wale, mabingwa wa hoja na majibu, hakuna aliyefungua kinywa! Mjomba akanishika mkono, tukaondoka.

Majaji walifuta matokeo. Mnadhani waliniita? Walisema kazi ya mabibo imeleta aibu, isiletwe tena chuoni. Nafasi ya maabara wakawapa Ualimu, waliokuja na chati ya rangi kuhusu kunawa mikono. Ndoto yangu iliishia hapo, kwenye chati ya sabuni. Wenzangu wa Kilimo sasa wananisalimia, tena kwa bashasha, na mwalimu ameniomba niongoze timu mwaka huu. Nilimwambia atafute mwingine wa kumpigia makofi.

Mjomba alikifua kile kikoi, akakianika, akakikunja pamoja na kanga za mama, ambazo mama alikuwa hajazifungua. Akampa Mzee Bakari, akamwambia asipeleke Mikindani. Apeleke chuoni, Ofisi ya Idara ya Biashara, kwa waposaji wenyewe. Mzee wa watu akaenda na kanzu na kofia, akakaa kwenye benchi la wageni mpaka akaitwa, akakabidhi. Aliniambia katibu wa idara alimuuliza vitu hivyo aviandike vimetoka kwa nani. Akamjibu, "Andika vimetoka kwa watu."

Dada zangu mnaosoma, nawasihi. Msidanganyike na suti wala na sauti ya mtu. Mwanaume akija kulima kwenu, mtazameni macho yake yako wapi, kwenye jembe au kwenye simu. Kazi ya mikono yenu msimwonyeshe mtu kwa sababu tu amewaambia mnapendeza mkitabasamu. Na anayewahi kuondoka kabla kazi haijaisha, mwacheni aende, msimwite mchumba. Mimi nilimpenda, na bado usiku mwingine naumia... lakini siwezi kumheshimu tena, yeye na wenzake wote waliochanga.

Kile kipande alichokiacha kilikaa na majani mpaka korosho zikaanza kudondokea humo, hazionekani. Nilichukua jembe lile lile alilolishika yeye, nikakimalizia mwenyewe.