Mke Mwenza Mhakiki

Taa za ukumbi wa sinema wa Kilakala ziliwaka, na watu mia nane wakainuka kwenye viti vyao, kila mmoja akiwa ameshapata uhakiki wake. Hakuna aliyesema neno. Nyuma ya sikio la kila mmoja kulikuwa na kinong'oni, kifaa chenye ukubwa wa punje ya dengu, ambacho kwa saa mbili nzima kilikuwa kimepima mapigo ya moyo wake, jasho la shingo yake na mwendo wa kope zake, kikajua wapi alishtuka na wapi alisinzia. Majina ya waigizaji hayakuwa yamemaliza kupita, na tayari vinong'oni vilikuwa vimetunga maoni mia nane tofauti. Aliyelia aliambiwa kwamba picha ni ya kuliza, na kwamba kulia ni dalili ya moyo mzuri. Aliyesinzia aliambiwa kwamba mwongozaji ndiye aliyelala kwanza. Walishuka ngazi wakitabasamu, wamependezwa na akili zao wenyewe.

Filomena Kobelo peke yake hakuwa na kitu sikioni. Mkononi alishika daftari na penseli, vitu ambavyo katika Morogoro ya mwaka 2094 viliwafanya watu wamtazame mara mbili. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mhakiki wa picha wa gazeti moja la mji ule, na ulimi wake haukuwa na huruma. Kuhusu *Vumbi la Mirihi*, picha ya vita iliyotengenezwa kwa miaka sita, aliandika kwamba ina milipuko kumi na tisa na wazo moja, na wazo lenyewe lilikufa katika mlipuko wa kwanza. *Mshenga wa Chuma*, kichekesho cha roboti anayepeleka posa, alikipenda mpaka akakirudia mara nne, akasema roboti yule ana aibu kuliko waigizaji wote wenye damu. Picha za mizimu alizikubali kwa sharti kwamba mzimu uwe na sababu ya kukasirika. Za mapenzi alitaka aone watu wakila. "Wapenzi wanaokaa saa mbili bila hata kumenya chungwa," aliwahi kuandika, "hao wanapendana na kamera."

Sasa alikuwa akishuka ngazi na mumewe, Anselmi, fundi mstaafu wa treni za angani. Walipofika mlangoni Anselmi akaangua kicheko. Si tabasamu la wale wengine. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Anasema nini huyo mke mwenza?" Filomena aliuliza.

"Mama Getu nawe! Hiki ni kifaa tu."

"Kifaa gani kinachomchekesha mume wa mtu hadharani?"

Anselmi alifuta machozi. Njia nzima alikuwa akitikisa kichwa na kunong'ona peke yake kama mtu aliye katikati ya mazungumzo matamu, na Filomena alitembea kando yake kama mpangaji.

Alikuwa na wivu, na hakujidanganya juu ya hilo. Vinong'oni vilipomnyang'anya wasomaji wake alinung'unika kidogo, kisha akanyamaza, maana wasomaji huja na huenda. Mhariri wake alikuwa bado anamchapisha kila Jumatano kwa heshima ya umri. Hilo alilimeza. Kicheko kile ndicho kilichomkwama kooni. Alikifahamu vizuri sana. Zamani ni yeye aliyekuwa akikichokoza, na mara ya mwisho kukisikia hakuikumbuka. Kumwonea wivu mwanamke mwenye nyonga na kanga kuna heshima yake, alijiambia, lakini kuonea wivu punje ya dengu!

Kesho yake, Jumapili baada ya chakula cha mchana, Anselmi alikwenda mazoezi ya kwaya, akakiacha kinong'oni dirishani kinywe jua, kwa kuwa vifaa vile hupata nguvu zake kwenye mwanga. Filomena alikizunguka mara tatu akijifanya anafuta vumbi. Mara ya nne alikichukua akakibandika nyuma ya sikio.

"Karibu, Mama Getu," ilisema sauti ya mwanamke wa makamo, kavu kidogo. "Mzee alikusajili tangu mwaka juzi. Alisema huenda siku moja ungekuja."

Filomena hakulitarajia hilo, akakasirika zaidi. "Sikuja kukaa. Nataka kusikia jana ulimwambia nini mume wangu."

"Waliosajiliwa pamoja wana haki ya kusikia," ilijibu sauti, na kinong'oni kikaanza kurudia mazungumzo.

Picha ya jana ilikuwa *Geti la Kaskazini*. Mhandisi mmoja anauokoa mji uliojengwa chini ya kuba la kioo usimezwe na tufani ya mchanga, naye anakufa dakika ishirini kabla ya mwisho. Hapa ndipo pana ugomvi. Mjini hapo mhusika mkuu wa picha bado aliitwa stelingi, neno walilolirithi kwa mabibi zao, na kanuni yake ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Wengine waliitaja kwa mzaha. Anselmi aliiamini kama fundi anavyoamini vipimo. Mtu akifa, basi huyo hakuwa stelingi, na mtazamaji anapaswa kumtafuta wa kweli miongoni mwa waliobaki hai.

"Stelingi ni yule mlinzi wa geti," ilisema sauti ya Anselmi.

"Mlinzi?" sauti kavu ilidakia. "Katokea mara tatu, na mara mbili anakoroma! Baba Getu, wewe huangalii picha, wewe unahesabu maiti."

Kikafuata kile kicheko.

Filomena alikuwa amejiandaa kusikia asali. Alidhani atakuta sifa, kubembelezwa, ndiyo-bwana za kila dakika, apate sababu ya kumdharau mwenzake. Badala yake alikuta ubishi, tena ubishi alioujua. "Unahesabu maiti" alikuwa amelisema yeye mwenyewe, wakiwa wachumba, akiwa amemshika Anselmi mkono.

"Nani kakufundisha kumjibu mume wangu hivyo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Yeye. Kazi yangu ni kumpa mtu anachokitaka. Wengi wanataka kuambiwa kwamba wameona vizuri. Yeye aliomba kubishiwa."

"Lini?"

"Siku ya kwanza." Kinong'oni kikaitoa sauti ya Anselmi, ya miaka miwili nyuma, yenye haya: "Mke wangu zamani alikuwa akinibishia toka mlango wa sinema mpaka nyumbani, mpaka tunapitiliza kituo chetu. Siku hizi nikimuuliza picha kaionaje, ananiambia nitasoma gazetini. Sasa gazeti nitalibishia vipi? Basi nibishie wewe, kama hutojali."

Filomena aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Ni kweli alikuwa akisema hivyo. Aliogopa kwamba maneno yakisemwa barabarani yatapoteza makali kabla ya kuandikwa, kwa hiyo akawawekea wasomaji. Wasomaji wenyewe wameshaondoka, kila mmoja na punje yake. Aliona aibu iliyomchoma kuliko wivu, ila wivu nao haukutoka.

Anselmi alipoingia alimkuta na kinong'oni kiganjani. Walitazamana.

"Niulize," Filomena alisema.

"Nikuulize nini?"

"Picha ya jana."

"Haya. Umeionaje?"

"Ni kazi iliyosimama juu ya misingi imara ya taswira, ingawa mwongozaji ameshindwa kuoanisha..." Aliona mumewe akiitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo ya parokia. Akanyamaza. Maneno yote yaliyomjia yalikuwa yameshapigwa pasi.

"Kwani huyo mlinzi ulimpendea nini, Baba Getu?" aliuliza mwishowe. Katika miaka yote ya kumcheka hakuwahi kumuuliza sababu ya stelingi wake yeyote.

Anselmi alivua kofia yake ya kwaya polepole. "Wote walikimbilia kwenye mambo makubwa. Yeye alibaki akingoja, afunge mlango pale mtu wa mwisho atakapoingia. Hata jina lake hakuna aliyemuuliza."

"Hana jina."

"Analo. Limetajwa mara moja. Wewe ulikuwa umeinama unaandika."

Filomena aliliendea daftari lake. Kurasa tano, na jina halikuwemo.

"Muulize huyo uliyemshika," Anselmi alisema, bila ubaya. "Yeye alisikia."

"Simuulizi! Niambie wewe."

"Anaitwa Mwenda."

Alilirudia jina lile kwa sauti ndogo. Kisha akafumba kiganja. "Nikitupe?"

"Hapana, Mama Getu." Anselmi alikichukua, akakibandika taratibu nyuma ya sikio lake la kulia. "Leo upo. Jumatano una kazi. Nikikitupa, siku hiyo nitazungumza na nani?"

Filomena alikitazama kinong'oni kile nyuma ya sikio. Alisimama pale chumbani akimwonea wivu mwenzake aliyekuwepo siku zote. Kisha akazunguka, akakaa upande wa kushoto wa mumewe.

"Huyo Mwenda wako," alianza, "mtu gani analala zamuni akaitwa stelingi? Angekuwa mlinzi wa nyumba yangu ningemfukuza kabla ya chai."

Anselmi hakucheka. Lakini aligeuza kichwa, akampa sikio lile jingine.