Mchumba na Mu Chumba

Siku moja ya soko, mwaka 1954, mwalimu Athanase wa kijiji cha Muheto alikanyaga kapu la nyanya katikati ya Masisi. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na soksi nyeupe mpaka magotini. Baada ya hapo soksi hazikuwa nyeupe.

"Kaka, unatembeaka na macho ao na soksi?" aliuliza mwenye kapu.

Ndivyo alivyomjua Jeannette, mwalimu mpya kutoka Ntoto, msituni Walikale, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na ulimi usio na mfupa. Wote wawili walifundisha shule ya misheni.

Wanafunzi wa Athanase walisoma kwa kasi ya mvua juu ya bati, bila kuelewa hata tone. Jeannette aliwasikia wakisoma: "Mchumba wa Petro analia."

"Nani analia?" akawauliza.

"Petro!"

"Iko wapi?"

"Mu chumba!"

Darasa zima lilimhurumia Petro, maskini, aliyefungiwa chumbani.

"Batoto wako banasoma na kinywa tu," Jeannette alimwambia Athanase. "Kila mustari, uliza: nani, anafanya nini, iko wapi? Kisha bafunge kitabu, baeleze na maneno yao."

Athanase alitii kwa moyo wote. Akawaeleza pia maana ya mchumba, kwa mifano mingi kupita kiasi. Kila jioni alimsindikiza Jeannette ili wajadili usomaji, na mjadala ukawa unarefuka hata njia ilipokwisha.

"Mupenzi, tuzunguke tena kanisa," alisema.

"Tumeizunguka sana, Padri atafikiri tunaipima!"

Wiki ya mwisho kabla ya likizo, Athanase aliliambia darasa: "Kitabu hakuna leo. Nimeisahau mu chumba yangu, Muheto."

Nje, Jeannette akamwuliza Kanyamibwa, mwanafunzi hodari, mwalimu amesema nini. Kanyamibwa akaeleza kwa maneno yake: "Amemusahau mchumba wake Muheto."

Tangu hapo Jeannette hakumsalimu. Akienda kwao likizo, Athanase hangeweza hata kumpigia: simu ya pekee ilikuwa kwenye ofisi ya serikali, wala haikuwekwa kwa ajili ya mapenzi. Siku ya kufunga shule alimkuta tayari juu ya lori la Walikale, pamoja na sanduku lake.

"Jeannette, nilikosa nini?"

"Sirudi tena Masisi. Unamusahau muntu muzima sawa mwavuli!"

"Muntu gani?"

"Mchumba wako wa Muheto! Ni Kanyamibwa aliniambia."

Athanase alicheka, jambo lisilo la busara, kisha akajieleza haraka. "Ni kitabu nilisahau! Mu chumba ya kulala! Kule hakuna muntu, kuko panya tu."

Jeannette akakaza kitambaa chake kichwani. Ni vigumu kwa mwalimu wa ufahamu kukamatwa hajafahamu.

"Basi mchumba wako ni nani?" aliuliza polepole.

"Ni wewe, kama unakubali."

Dereva akawasha injini.

"Panda," alisema Jeannette. "Utamwambia Papa yangu wewe mwenyewe."

Athanase akapanda juu ya magunia ya viazi, bila hata shati la kubadili.

"Papa yako anafanyaka kazi gani?"

"Muwindaji," alisema Jeannette, na lori likaondoka.