Sindano Iliyochomoza

“Uzembe ni wako, sista. Usinipandie kichwani,” msimamizi wa kituo cha afya alisema, tena mbele ya wagonjwa.

Muuguzi alimjibu kwamba sanduku la sindano chafu kwenye chumba cha sindano lilijaa tangu jana. Alimwambia asubuhi, akamkumbusha mchana. Sasa sindano iliyochomoza juu ya sanduku ilikuwa imemchoma kidole. Jeraha alikwisha kuliosha, na dawa ya kuzuia maambukizi alikwisha kuanza.

“Uliniambia lini? Nani alisikia?” msimamizi akauliza, akaingia ofisini kwake na kubamiza mlango.

Binti wa muuguzi, aliyezoea kumsubiri mama yake kwenye benchi la korido baada ya shule, alisikia yote. Mama alimwita ndani ya chumba cha wauguzi. Kidole kilikuwa kimefungwa bandeji, kwa hiyo yeye angetaja na mtoto angeandika: tarehe, saa, chumba, kilichotokea, aliyearifiwa na alichojibu. Nakala mbili.

Msichana aliandika huku amefura. Mwishoni akaongeza ya kwake: wauguzi wengine watatu wamechomwa, na msimamizi anauza masanduku mapya.

Mama alisoma, akamkazia macho. “Haya umeyaona wapi?”

“Sijayaona, Mama. Lakini amekutukana. Acha naye aumie.”

“Ukiongeza uongo mmoja, ataushika huohuo na kuutupa ukweli wote. Hapo utakuwa umemtetea yeye, si mimi.”

Msichana alinuna, lakini alichana karatasi zote mbili na kuandika upya. Safari hii aliandika alichoambiwa tu, pamoja na ombi la mama kwamba chumba cha sindano kifungwe mpaka sanduku jipya liletwe.

Walipoipeleka ofisini, msimamizi aliisoma taarifa mara mbili, akitafuta pa kung’ang’ania. Hakupata. Akasema hasaini upuuzi.

“Husaini kwamba umekubali,” mama alisema. “Unasaini kwamba umepokea. Ukikataa, nitaandika kwamba umekataa, na nitaipeleka wilayani sasa hivi.”

Msimamizi alisaini nakala zote mbili, kalamu nusura itoboe karatasi, akambakizia mama moja. Kisha akanong’ona kwamba mtoto huyu anafundishwa ukorofi.

“Anafundishwa kuandika,” mama alijibu. “Chumba je?”

Msimamizi alimtazama, akaitazama saini yake mwenyewe. Akampigia dereva simu, akamwamuru aende hospitali jirani kuazima masanduku. Halafu akausukuma mezani ufunguo wa chumba hicho.

Kwenye korido, mlangoni pa chumba cha sindano, mama aliwaeleza wagonjwa kwamba watasubiri, na sababu akawaambia. Wachache walilalamika. Akamgeukia binti yake.

“Ukiona hatari kazini, sema. Usiposikilizwa, andika. Na uandike kilichotokea, si unachotamani kiwe kimetokea. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Mama.”

“Basi vuta huo mlango.”

Msichana aliuvuta, na mama akaufunga kwa ufunguo.