Koti la Usaili

Kila akitoka shuleni, Yusra aliwamwagia kuku pumba, akaosha vyombo, ndipo akala. Siku hiyo ya mwezi wa pili jua la kijijini Mashewa lilikuwa kali mno, hata kuku walijilaza kivulini wakiwa wameachama midomo. Mama alikuwa shambani. Dada yake, Hajira, alikuwa amekwenda kuchapisha wasifu wake, kwani kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa na usaili wa kazi ya ukarani mjini Korogwe.

Koti lake jipya jeusi lilining'inia ukutani. "Usiliguse," alikuwa amemwambia Yusra. "Nitalipiga pasi mwenyewe."

Yusra aliligusa. Aliona mkunjo mgongoni, akataka kumfurahisha dada yake. Akawasha mkaa, akajaza pasi. Pasi ilipokanyaga kitambaa ilinata, na alipoinyanyua, palikuwa na tundu kubwa kama kiganja. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani.

Alilikunja koti, akalisukuma nyuma ya magunia ya mahindi, akafungua dirisha.

Shida, rafiki yake wa nyumba ya jirani, alikuja kuazima ndoo, akaondoka. Punde Hajira akarudi.

"Yusra! Koti langu liko wapi?"

"Sijui, dada."

"Nani ameingia humu?"

"Shida. Alikuja kuchukua ndoo."

Mama aliporudi na kuelezwa, alijifunga kanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa akina Shida. Hajira na Yusra walimfuata. Mzee Sufiani, baba yake Shida, alisikiliza, kisha akachukua fimbo iliyokuwa mlangoni.

"Sijachukua, baba! Wallahi sijachukua!" Shida alilia, akirudi kinyumenyume mpaka ukutani. "Yusra, waambie! Uliniona natoka na ndoo tupu!"

Yusra alijua akisema, fimbo ile itamhamia yeye. Mzee Sufiani akainua mkono.

"Usimpige, mzee!" Yusra akapiga kelele. "Ni mimi! Nimeliunguza kwa pasi, nimelificha nyuma ya magunia."

Hajira aliketi chini pale pale akaanza kulia. Mama akawageukia Shida na baba yake, akawaomba radhi, naye Yusra akamwomba Shida msamaha.

Kabla jua halijazama walilipeleka koti kwa Fundi Eliasi, mshonaji wa pale kijijini. Aliligeuza mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hili halitengenezeki. Lakini, mwanangu, ulitaka kuvaa hili kwa joto hili? Kitambaa hiki hakipitishi hewa. Ungeingia kwenye usaili umelowa jasho."

"Nilitaka nionekane mtu wa ofisini, tena wa kisasa," Hajira alisema akifuta machozi.

"Mtu wa ofisini hutambulika kwa nguo safi inayomkaa vizuri. Usasa tutauweka kidogo tu, kwenye kola."

Usiku ule ule alikata blauzi ya pamba nyeupe, nyepesi, ya mikono mirefu isiyobana, akaitia kitenge cha buluu kwenye kola. Yusra alishona vifungo vyote sita. Asubuhi Hajira aliivaa na sketi yake ya buluu, mtandio mwepesi na viatu vya kufunika vidole, akaondoka akiwa ametulia.

Wiki iliyofuata aliitwa kazini. Alisimulia kwamba siku ya usaili wenzake wawili waliovaa makoti mazito walikuwa wakijifuta jasho hata kabla hawajaitwa kujibu maswali.

"Basi ilikuwa heri koti lile kuungua!" Yusra alicheka.

Mama hakucheka. "Koti tulipata cha kuliziba pengo lake. Shida je? Ile fimbo ingemshukia, tungeirudisha vipi? Kuunguza nguo ni bahati mbaya, mwanangu. Kunyamaza mpaka mwenzio anaitwa mwizi, hilo ulilichagua. Ukikosea, sema papo hapo, kabla kosa lako halijamwangukia mtu mwingine."

Tangu siku ile Shida alikuwa akienda shule peke yake. Yusra alivaa kandambili, akavuka uani kwenda kumwomba msamaha kwa mara ya pili.