Kiazi na Biskuti za Boga

Mama Keki alikuwa hajui kumpenda mtu bila kumlisha. Fundi akija kuziba bati linalovuja, ataondoka na kipande cha mkate mkononi. Mgeni akisimama kuuliza njia, ataelekezwa huku anatafuna. Kazi yake ilikuwa kuoka. Alioka mikate, skonzi na keki katika jiko la nyuma ya nyumba, na maduka ya mtaani yalimtegemea. Unga ulimkaa kwenye nywele, kwenye nyusi, mpaka kwenye kitasa cha mlango.

Mumewe alikuwa fundi wa mabomba, na mara nyingi kazi ilimpeleka mbali. Nyumbani Mama Keki alibaki na baba mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Mzee. Mzee alikuwa amesaga nafaka tangu ujana wake. Ngurumo za mashine zilimla masikio kidogo kidogo, hata akawa kiziwi kabisa. Sasa alisoma midomo ya watu. Mwenyewe aliongea kwa sauti ya juu, kama bado anashindana na mashine.

Masikio yake yalikuwa Kiazi.

Kiazi alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, mfupi, mnene wa katikati. Ukimwona amejikunja uani, ungedhani ni kiazi kilichong'olewa sasa hivi. Mtu akibisha hodi, Kiazi alikwenda kumgusa Mzee gotini kwa pua, kisha akatangulia mlangoni. Birika likichemka, alimgusa goti. Mvua ikianza na nguo ziko kambani, goti tena.

"Nani alimfundisha?" watu waliuliza.

"Hakuna!" Mzee alijibu kwa kishindo. "Alijifunza mwenyewe. Mimi nilijifunza kumwelewa tu!"

Kwa sababu hiyo Mama Keki alimlisha Kiazi kama anavyomlisha mtu. Jioni, akiosha vyombo, alimwekea wali uliobaki na mchuzi wake, pamoja na vitunguu vilivyoganda chini ya sufuria. Kiazi aliramba bakuli mpaka likang'aa. Mama Keki alifurahi. Kwake yeye, bakuli tupu lilikuwa ni sawa na kuambiwa asante.

Siku moja wifi yake alikuja kumsalimu. Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa mshonaji, na alikuwa na jibu la kila swali, hata lile ambalo halijaulizwa. Alimwona Kiazi anajikuna.

"Huyo ana viroboto," alisema. "Mtwangie kitunguu saumu, umchanganyie kwenye chakula. Viroboto watahama wenyewe."

"Una hakika, wifi?"

"Kati yangu na wewe, nani amefuga mbwa zamani?"

"Wewe ulifuga mmoja, akakukimbia."

"Alikimbia, lakini hakuwa na kiroboto hata mmoja!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu jioni ile, Mama Keki alitwanga saumu na kuichanganya kwenye chakula cha Kiazi.

Baada ya siku kadhaa, Kiazi alianza kunyong'onyea. Hakukimbilia tena mlango. Alilala zaidi, na alihema kama aliyepanda kilima. Mama Keki aliona ni joto tu. Akamwongezea mchuzi, apate nguvu.

Asubuhi moja alipeleka mikate dukani. Aliporudi, harufu ya chuma kilichoungua ilimpokea barazani. Alikimbia jikoni. Birika la chai ya Mzee lilikuwa limekauka maji juu ya moto, na tako lake limekuwa jekundu. Alizima jiko na kufungua dirisha.

Mzee alikuwa sebuleni, amelipa jiko mgongo, anashona kiatu kwa utulivu kabisa. Hakuwa amesikia chochote, na vumbi la nafaka lilikwisha kumla na pua.

Kiazi alikuwa sakafuni, katikati ya mkeka wake na kiti cha Mzee. Nyuma yake kulikuwa na mchirizi wa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Mama Keki aliutazama mchirizi ule, akaelewa. Mbwa alikuwa amesikia birika. Alitaka kwenda kumgusa Mzee goti. Miguu ilikataa, akajiburuta mpaka nguvu zikamwishia njiani.

"Baba!" Mama Keki alimshika mzee bega.

Mzee aligeuka, akaona. Alipiga magoti na kumwinua Kiazi kichwa. "Ana nini? Mwanangu, ana nini huyu?"

Kwa mara ya kwanza, sauti yake ilikuwa ndogo.

Walimlaza Kiazi kwenye mkokoteni wa mikate, juu ya gunia safi. Wakiwa njiani walikutana na wifi. Hakuuliza mengi. Alishika upande mmoja wa mkokoteni, wakasukuma pamoja mpaka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu. Alimpima Kiazi moyo, akamwinua mdomo wa juu.

"Tazameni fizi zake," alisema. "Fizi za mbwa mzima zina wekundu mwepesi, kama ndani ya mdomo wako. Hizi zikoje?"

"Nyeupe," Mama Keki alijibu. "Kama unga wa kukanda."

"Anakula nini huyu?"

"Anakula vizuri, daktari! Wali, nyama, mchuzi..."

"Mchuzi una vitunguu?"

"Mchuzi gani hauna vitunguu?"

"Na saumu," wifi alisema polepole, akiangalia chini. "Kila siku. Mimi ndiye niliyeshauri."

Daktari hakumlaumu mtu. Alichoma sindano, akatoa damu kidogo. Tone moja alilipaka kwenye kipande cha kioo, akalitia rangi, akakiweka chini ya hadubini, ile mashine ya kukuza vitu ambavyo macho hayavioni. Alitazama kwa muda. Kisha akasogea pembeni.

"Mama, njoo uone."

Mama Keki alipangusa mikono kwenye khanga, ingawa haikuwa michafu. Aliinama. Mwanzoni aliona kope zake tu. Daktari akazungusha kitufe, na ghafla mwanga ukatulia.

Mama Keki alishusha pumzi.

Aliona duara. Duara kwa mamia, laini, zimepangana ubavu kwa ubavu, kama skonzi kwenye trei. Zilijaza mwanga wote, na kila alipohamisha jicho zilikuwepo nyingine.

"Hizi ni nini?" alinong'ona.

"Damu ya Kiazi. Hizo ni chembe zake."

"Zote hizi ziko kwenye tone moja?"

"Hapo unaona sehemu ndogo tu ya tone. Kila duara ni mchukuzi. Inachukua hewa anayovuta, inaipeleka mwili mzima, mpaka ncha ya mkia. Usiku na mchana, bila kupumzika."

Mama Keki hakuondoa jicho. Miaka yote alipanga skonzi kwa mikono yake, akajiona fundi. Lakini trei kama hii alikuwa hajapata kuiona. Nani aliyeikanda? Nani aliyeipanga? Na mbwa mwenyewe hulala uani akifukuza nzi, hajui kwamba amebeba maajabu haya yote ndani yake.

"Sasa tazama pembeni," daktari alisema. "Unaona baadhi zina kinundu?"

"Naona. Kama kidonge cha unga kilichogandia ubavuni."

"Hapo ndipo kitunguu kilipopita. Chembe ikiota kinundu inadhoofika, mwishowe inapasuka. Zikipasuka nyingi, hewa inakosa wa kuibeba. Ndiyo sababu anahema. Ndiyo sababu fizi ni nyeupe, na mkojo huwa wa rangi ya chai."

"Lakini sisi tunakula vitunguu kila siku!"

"Mwili wako unavimudu. Mwili wa mbwa hauvimudu. Viwe vibichi, viwe vimepikwa, viwe vya unga, kwake ni sumu ileile. Na saumu ni kali kuliko kitunguu cha kawaida."

"Na viroboto je?" wifi aliuliza.

"Viroboto wana dawa yao, dada. Njoo hapa, nitampima uzito, nimpe inayomfaa. Saumu itamuumiza mbwa, na viroboto watabaki palepale."

Machozi yalimlenga Mama Keki. "Kwa hiyo ni mimi. Mkono wangu huu ndio uliomlaza."

"Hukujua," daktari alisema. "Sasa umejua, na umemleta angali hai. Tumshughulikie."

Kiazi alilazwa pale, akatundikiwa dripu. Mzee alipewa kiti, akakikataa. Aliketi sakafuni, mkono wake juu ya mbavu za mbwa. Kwa kuwa hakusikia pumzi, alitaka kuihisi. Kila walipokuja kumletea chakula, walimkuta vilevile.

Siku zilipita. Asubuhi moja Mama Keki aliingia akakuta mkia unapiga sakafu, taratibu, pa, pa, pa. Mzee alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Kabla hawajaondoka, Mama Keki alimvuta daktari kando. "Basi nisimpe tena kitu cha mkono wangu? Nimpe chakula chake tu, niondoke?"

Daktari alimtazama, akatabasamu. "Utaweza?"

"Siwezi."

"Basi nikufundishe. Wewe ni mwokaji, mwokee biskuti. Chemsha boga, uliponde. Tia yai na unga wa ngano usiokobolewa. Usitie sukari, usitie chumvi, wala hamira. Oka kwa moto mdogo mpaka zikauke. Siku nyingine mpe kipande cha karoti, au kuku wa kuchemsha asiye na mfupa wala chumvi."

"Na nisimpe nini?"

"Vitunguu vya kila aina, hilo umeliona mwenyewe. Usimpe zabibu, mbichi wala kavu. Usimpe chokoleti, wala chingamu na peremende zisizo na sukari, kwani baadhi zina kitu kinachoweza kumuua mbwa. Donge la unga lenye hamira liweke mbali naye, litamuumukia tumboni. Mifupa iliyopikwa pia hapana. Huvunjika vipande vikali vikamchoma matumbo."

Mama Keki alikumbuka skonzi zake za zabibu kavu, akasisimka mwili.

"Kumbuka tena," daktari aliongeza. "Biskuti si chakula. Ni kionjo. Gawa chakula chake cha siku mafungu kumi. Biskuti zisizidi fungu moja. Na mara ya kwanza mpe moja, umwangalie. Akitapika au akiharisha, acha, uje uniambie."

Kesho yake jiko lilinukia boga. Wifi alikuja kusaidia, maana moyo wake ulikuwa haujatulia. Mama Keki alichemsha boga, akaliponda, akaliacha lipoe. Alivunja yai. Alitia unga kidogo kidogo, akakanda mpaka donge likaacha kunata. Kisha mkono wake, kwa mazoea, ukaenda kwenye kopo la sukari.

Wifi aliupiga kofi. "Wee! Umesahau maneno ya daktari?"

"Mkono huu una akili zake."

"Basi uwekee mlinzi!"

Walisukuma donge likawa jembamba, wakakata vipande kwa kifuniko cha chupa. Waliviweka kwenye oveni kwa moto mdogo mpaka vikawa vikavu na vigumu. Viliachwa vipoe kabisa, ndipo vikawekwa kwenye kopo lenye mfuniko. Wifi alionja kimoja, akatafuna, akatafuna tena.

"Havina ladha yoyote," alisema.

"Havikuokwa kwa ajili yako."

Mama Keki alichuchumaa uani na biskuti moja kiganjani. Kiazi alikuja. Hakuipokea mara moja. Alileta pua karibu, pua nyeusi yenye majimaji, ikawa inachezacheza. Mama Keki alitulia kama yuko mahali pa ibada. Zamani angesema mbwa ananusa tu. Sasa alijua kwamba kila pumzi iliyoingia kwenye pua ile ilikuwa inapokelewa ndani na wachukuzi wasiohesabika, wanaopita gizani na mizigo yao.

Kiazi alichukua biskuti kwa upole, akaitafuna kwa sauti, akaketi kusubiri nyingine.

"Leo ni hiyo tu, Kiazi," Mama Keki alimwambia. Akajishangaa. Hakuwahi katika maisha yake kumnyima mtu cha pili.

Daktari alikuwa amewaagiza warudi kupimwa. Siku hiyo hawakuhitaji mkokoteni. Kiazi alitembea mwenyewe, akikagua kila nguzo ya mtaa. Daktari alimwinua mdomo, na fizi zilikuwa na wekundu wao. Alichukua tone la damu, akaliweka chini ya hadubini, akatazama.

"Safari hii atazame Mzee," alisema.

Mama Keki alimgeukia baba mkwe wake, akatamka polepole ili midomo yake isomeke. "Baba. Njoo umwone Kiazi kwa ndani, uwaone wachukuzi wa hewa yake."

Mzee aliinama juu ya hadubini. Alikaa pale muda mrefu. Wifi alikohoa, daktari akapanga sindano zake, Kiazi akajilaza juu ya kiatu cha Mzee. Hakuna aliyemharakisha.

Hatimaye aliinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akasema kwa sauti ile ya mashineni, na wagonjwa wote waliokuwa nje, mbuzi, paka na wenye mbuzi na paka, wakasikia:

"Wako wengi hivi! Na wote wanafanya kazi kimyakimya!"

Kisha akainama tena, akaendelea kutazama.